Sina Haraka Yaenda Vitani

La mgambo likilia lina jambo, na asubuhi ile lililia kwenye redio za boti zote za Ukerewe kwa pamoja. Sauti ya mwanajeshi ilisema kwamba kila boti ya mtu binafsi yenye mashine na mwanagenzi ifike gati ya Nansio kabla ya adhuhuri. Nyabise Mafuru alilisikia tangazo akiwa amepiga magoti, anang'oa maua ya plastiki kwenye ukingo wa boti yake. Jana yake alikuwa amempeleka bibi harusi Ukara, na sakafu ilikuwa bado ina mchele na makombo ya keki.

"Sisi wa maharusi tunahusikaje na vita?" aliuliza, ingawa hakukuwa na wa kumjibu isipokuwa boti yenyewe.

"Tuna mashine," alisema mwanagenzi, akili ya boti, kutoka kwenye kisanduku chake chini ya kiti cha usukani. "Na mimi nipo. Tunahusika."

Ndivyo alivyokuwa, mkweli kupita kiasi. Nyabise alifuta mikono kwenye kanga yake, akashika usukani, wakaenda.

Gati ilikuwa imefurika. Zilikuwepo boti za dagaa, boti za watalii zenye vioo vyeusi, boti ya mikate, hata ile ya daktari wa meno aliyezunguka visiwani na kiti chake. Zote zilikuwa na majina ubavuni kama ilivyo ada: Kesho Ipo, Wachawi Poleni, Mume wa Mtu Sumu. Ilikuwepo na Asante Shangazi, boti ya Masinde, jamaa mcheshi ambaye shangazi yake alimlea tangu akiwa mchanga na kisha akamnunulia boti. Mabaharia wa jeshi walisimama juu ya manowari yao ya chuma wakiyasoma majina hayo kwa sauti huku wameshika mbavu.

Sina Haraka, boti ya Nyabise, ilipoingia, kicheko kilizidi. Ilikuwa boti ndefu, nyeupe, ina mapazia ya lesi na spika kubwa kuliko mashine. Lakini kwa watu wa visiwani haikuwa ya kuchekwa hata kidogo. Hakuna bibi harusi aliyewahi kulowa ndani yake, si masika si kiangazi, na Nyabise alilisema hilo kila alipopata mtu wa kumsikiliza, na hata asipompata.

Askari mmoja alikuja na ndoo ya rangi ya kijivu. Alipaka mbele, akapaka nyuma, akavua mapazia, na Nyabise akavumilia. Brashi ilipolikaribia jina, aliuweka mkono wake juu ya herufi.

"Hapo usipake, mwanangu."

"Mama, ni amri. Boti ya vita haiwezi kuitwa Sina Haraka."

Kamanda Rwegoshora, mkuu wa kikosi cha doria, alikuwa akipita hapo. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, Mhaya wa Muleba aliyesomea ubaharia nchi za mbali na kurudi bila maringo. "Adui akilisoma jina hili atacheka, mama," alisema.

"Mwache acheke, baba. Mtu anayecheka halengi vizuri."

Kamanda aliuma mdomo wa chini ili asicheke mbele ya askari wake. Kisha akamwamuru yule wa ndoo aliruke jina, apake kwingine. Hata leo mabaharia waliokuwepo wanasema kwamba adui alianza kushindwa vita vile pale pale gatini, lakini hao ni mabaharia, na chumvi haiwaishi mdomoni.

Sheria ilimruhusu mwenye boti kuikabidhi na kurudi nyumbani, au kuingia vitani pamoja nayo. Nyabise hakuulizwa mara mbili. Alikuwa amesindikiza mabibi harusi wa watu maisha yake yote, akiwakaza shela na kuwafuta machozi. Hakuona kwa nini boti yake mwenyewe iende ugenini peke yake.

*

Adui waliitwa Wafyonzaji, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Shirika la Maji Marefu lilikuwa limesimika mitambo katikati ya ziwa, yenye mabomba mapana kama mlango wa kanisa, likifyonza maji na kuyapeleka kwa wanunuzi wa mbali. Lilikuwa na askari wa kukodi kuilinda mitambo hiyo, wengine kutoka ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Maji yalikuwa yamerudi nyuma mpaka magati yakasimama matopeni, na miamba ambayo babu zetu hawakuijua ilikuwa imechomoza kila mahali.

Kwa sababu ya miamba hiyo, jeshi lilizihitaji boti za watu. Mwanagenzi hanunuliwi akiwa na akili. Ananunuliwa mtupu, kisanduku tu, anafungwa chini ya usukani na kukaa kimya akiutazama mkono wa mwenye boti kwa miaka. Hujifunza mawimbi, pepo na vina. Hujifunza pia tabia, na hapo ndipo penye kazi, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Boti ya mgomvi huwa gomvi, na boti ya mlevi hupinda kona pasipo na kona. Wanagenzi wa jeshi walikuwa hodari na watiifu, ila walikuwa wapya, na vita havikuwapa nafasi ya kuzeeka.

Sina Haraka ilifungwa mzinga mbele, ukaunganishwa na umeme wa mashine, ikapewa na mpiga mzinga. Huyo alikuwa Koplo Lukelo, mzaliwa wa Makete kwenye baridi na viazi, mtu wa makamo ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona kabla ya hapo yalikuwa ya mvua. Siku ya kwanza alitapika mpaka akaomba ardhi. Nyabise alimpa tangawizi ya kutafuna na kumwambia kwamba amewahi kubeba bibi harusi mwenye mimba kubwa aliyetapika kwa adabu kuliko yeye.

"Huyo alikuwa anakwenda kwenye pilau, Mama Harusi," Lukelo alisema akijifuta mdomo. "Mimi nakwenda kupigwa risasi."

Jina la Mama Harusi likamganda, na kikosi kizima kikalichukua.

Wakafanya kazi. Msisitizo wote wa jeshi ulikuwa kwenye mstari wa doria, boti moja hapa nyingine kule, kuzuia Wafyonzaji wasipeleke mabomba mapya kusini. Boti ya mikate ilikata nyaya za mtambo mchana kweupe. Mume wa Mtu Sumu iliwavuta mabaharia wa manowari iliyokwama mwambani, na tangu siku hiyo hakuna aliyelicheka tena jina lake. Sina Haraka iliwahi kuikimbiza boti ya adui kupita kwenye uchochoro wa miamba ambamo hata kenge angejikunja, ikatokea upande wa pili bila mkwaruzo, wakati yule wa mbele aliacha nusu ya boti yake kwenye jiwe. Nyabise alirudi gatini kidevu juu. Alikuwa na haki ya kujivuna, na hakujinyima.

Kisha ikaja siku ya kitambaa cheupe.

Ukungu ulikuwa umeondoka na ziwa lilikuwa limetulia. Boti nyeusi ya Wafyonzaji ilijitokeza nyuma ya kisiwa, ikivuka mstari wa doria bila kujificha. Kamanda aliiona kutoka manowarini. "Sina Haraka, mzuie huyo," redio ilisema.

Mwanagenzi alivuta kasi. Lukelo aliufungua mzinga na kuinama nyuma yake. Walikuwa wamekaribia kiasi cha kuhesabu vichwa wakati mashine ilipozima. Ilizima kwa upole, kama inavyozimwa na mtu, na taa ya mzinga nayo ikafa.

"Mama, washa," Lukelo alisema.

"Sijazima mimi."

"Wana maiti," mwanagenzi alisema.

Nyabise akatazama. Mbele ya boti nyeusi palikuwa na mbao zimelazwa, na juu yake mwili umefunikwa shuka jeupe, mtu mmoja amekaa kichwani na mwingine miguuni. Alielewa papo hapo, akaona aibu na fahari vikimjia pamoja. Kwenye ziwa lile boti ya msiba haipitwi wala haikatizwi. Kila anayekutana nayo huzima mashine, hata mwenye harusi huzima muziki, na bibi harusi huvuta shela akafunika uso mpaka wafiwa wapite. Nyabise hakuwahi kumfundisha mwanagenzi jambo hilo kwa maneno. Aliuzungusha ufunguo tu, kila mara, na mwanagenzi alikuwa akiutazama mkono.

Midomo ikasema yenyewe ilichozoea. "Tangulieni, nasi tuko nyuma."

Mwanamke aliyekaa kichwani mwa maiti, amevaa sare nyeusi, alimtazama kwa muda mrefu. Aliinua kiganja, akakishusha. Boti yao ilipita karibu kiasi kwamba mawimbi yake yaliitikisa Sina Haraka, na hakuna bunduki iliyonyanyuliwa upande wowote.

*

Kamanda Rwegoshora aliumeza uchungu siku hiyo, kwa kuwa hakuna aliyedhurika. Lakini habari haifungwi kamba. Wafyonzaji wengine walisikia kwamba boti za visiwani husimama zikiona shuka jeupe, na haukupita muda mrefu kabla hawajalitumia.

Waliyempata ni Masinde. Asante Shangazi ilizima mashine mbele ya msiba, na chini ya shuka palikuwa na mzinga. Boti ilizama na jina lake. Mpiga mzinga aliokotwa akielea na boya, na Masinde hakuonekana. Shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka kisiwa cha pili, alikuja gatini akakaa kwenye kreti la soda akiyatazama maji. Hakulia. Alisema hatalia mpaka alazwe mtu mbele yake.

Kamanda alimwita Nyabise kwenye manowari. Alimpa kiti, akamimina chai mwenyewe.

"Mama, sikuiti kukugombeza. Desturi yenu ni njema, na kwetu pia maiti ana heshima yake. Lakini desturi ambayo adui ameijua ni mlango usio na komeo. Nina boti zaidi ya thelathini kwenye mstari, na kila moja ina watu."

"Ungesema tu kwamba ni boti yangu iliyomfundisha adui, Kamanda."

"Sijasema."

"Nasema mimi. Isingesimama siku ile, wasingejua. Masinde angekuwa hapa anatuchekesha." Akanywa chai.

Kamanda aliinamisha kichwa. Kisha akaeleza anachotaka, ingawa Nyabise alikuwa anakijua. Fundi hawezi kufuta jambo moja ndani ya mwanagenzi akaacha mengine, kama vile huwezi kutoa chumvi kwenye mchuzi ulioiva. Njia ni moja tu. Mwenye boti akae usukanini na kumfunza upya kwa mkono ule ule uliomfunza mwanzo. Wenye boti wote walikuwa wameamriwa hivyo, na wengi walikuwa tayari wanaendelea.

"Unaweza?" Kamanda aliuliza.

"Kwa ajili ya Masinde naweza," alisema, na aliamini.

Walitengenezewa msiba wa uongo ghubani. Askari wanne walikaa kwenye boti ndogo, na katikati yao gunia la mchanga lililofunikwa shuka. Nyabise alisogea kwa kasi ya kawaida. Mashine ikazima. Akaiwasha, akasukuma gia mpaka mwisho, akapita pembeni mwa shuka huku mawimbi yakiwalowesha wale askari. Akageuka, akarudia. Ikazima. Akaiwasha, akapita. Lukelo alikaa kando ya mzinga wake, macho yake kwenye maji.

Mkono ulimuuma kuanzia kiganja mpaka begani, ingawa gia ile ni nyepesi. Alijiambia kwamba ni gunia, mchanga na kitambaa cha jeshi. Alijiambia hivyo kila alipopita. Hatimaye mashine haikuzima tena, na Sina Haraka ikapita mbele ya shuka jeupe kama vile inapita mbele ya boya.

"Nimeelewa," mwanagenzi alisema. "Maiti hapishwi."

"Vizuri."

"Ni maiti yeyote?"

Swali halikuwa la ukaidi. Kila alipojifunza jambo alitaka kujua linaanzia wapi na kuishia wapi, kama alivyouliza zamani kuhusu kina na mzigo.

"Yeyote," Nyabise alisema.

"Hata wa jeshi letu?"

"Adui anaweza kuvaa nguo zetu. Yeyote."

"Hata ukiwa wewe?"

Nyabise aliutoa mkono kwenye gia. Boti ilikwenda kidogo yenyewe, ikapunguza, ikasimama. Aliona kwa uwazi kabisa siku ambayo angelazwa kwenye mbao akirudishwa nyumbani Ukerewe, na Sina Haraka, aliyoilea kwa mkono wake, ikimpita kwa kasi na kumrushia maji. Aliona pia Masinde chini huko, bila shuka wala mbao. Akakaa hapo akilia kwa hasira. Alikuwa na hasira na Wafyonzaji, na vita, na nafsi yake iliyoona kazi ile kuwa rahisi.

"Sijui nijibu nini," alisema mwishowe.

"Basi nisijifunze?"

"Subiri."

*

Kamanda alimsikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Boti nyingine zimeshafunzwa kupita, na siwalaumu wenyewe," Nyabise alisema. "Yangu iache isimame. Ila haitasimama mbali tena. Shuka likionekana, wengine wabaki nyuma, risasi zisikowafikia. Sina Haraka itakwenda peke yake, izime mashine, isogee kwa kasia mpaka ubavuni, nami nitafunua uso wa aliyelala. Akiwa ni mzinga, mtaona kwa macho yenu na mtajua la kufanya. Akiwa ni maiti, hatutakuwa tumemtukana."

"Akiwa ni mzinga, mama, wewe umekufa."

"Nimekufa, ndiyo. Lakini nitakuwa nimekufa mtu, Kamanda. Tunapigania ziwa hili kwa sababu ni letu. Tukianza kuwapita wafu wake kama magogo, sioni tutakuwa tunapigania maji ya nani."

Kamanda aligeuka kutoka dirishani. Alikuwa na amri yake kutoka juu, nayo haikuwa na nafasi ya mambo kama haya. "Mzinga wako hufa mashine ikizima," alisema. "Siwezi kumwamuru Koplo Lukelo aende bila silaha."

"Atabaki. Kasia nalijua tangu sijaota meno ya ukubwani."

Lukelo, aliyekuwa mlangoni akisubiri, alikohoa. "Kwetu Makete, Kamanda, msiba ukipita barabarani hata lori la mbao linasimama, na dereva anavua kofia. Sijui hawa watu wa dagaa walidhani ni jambo lao peke yao." Akamgeukia Nyabise. "Kasia moja boti itazunguka tu, Mama Harusi. Nitashika la pili."

Nyabise alimwekea Lukelo mkono begani. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, Kamanda Rwegoshora alimpigia saluti mtu asiye na cheo.

*

Shuka jeupe lilionekana tena alasiri moja yenye manyunyu. Boti nyeusi ilikuja peke yake, polepole, kutoka upande wa mitambo. Redioni Kamanda alisema maneno mawili tu, "Kikosi, subiri," na mstari mzima wa boti za kijivu ukabaki pale ulipo, mashine zikinguruma.

Sina Haraka ilikwenda. Walipofika umbali uleule wa siku ile, mashine ilizima bila kuambiwa, maana Nyabise alikuwa amemfunza tena mwanagenzi kusimama, na taa ya mzinga ikafa. Lukelo alishika kasia la kulia na Nyabise la kushoto. Walipiga maji kwa pamoja. Nyabise aliona watu wawili wamekaa, mmoja kichwani na mwingine miguuni, na shuka lililolowa manyunyu limeshika umbo lililo chini yake. Linaweza kuwa umbo la mtu. Linaweza kuwa chuma kilichopangwa vizuri na mtu mwenye akili. Aliwaza kuwa ana woga, na akaendelea kupiga kasia.

Boti ziligusana ubavu. Aliyekaa kichwani alikuwa yule mwanamke wa sare nyeusi.

"Poleni na msiba," Nyabise alisema.

"Tumeshapoa." Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo ya ziwa.

"Nani amelala?"

"Wa kwenu," mwanamke alisema. Alilikunja shuka mwenyewe, taratibu, mpaka kidevuni.

Alikuwa Masinde. Walikuwa wamemwosha, wamemfumba macho, wamemfunga taya kwa kitambaa kisafi kama inavyotakiwa.

"Tulimkuta majini kwenye nyavu za mtambo," mwanamke alisema. "Waliomuua si wa boti yangu, ila ni wa upande wangu, na siwezi kulikana hilo. Siku ile mlipotupisha nilikuwa nampeleka kaka yangu nyumbani. Wakubwa wangu hawajui kama niko hapa. Wakijua sitabaki salama."

Lukelo aliliweka kasia chini na kuvua kofia. Nyabise alivuka ukingo, akamshika mwanamke yule mkono, wakashikana hivyo kwa muda, mama wa maharusi na askari wa kukodi, kila mmoja akilia wa kwake. Kisha wote wanne walimhamisha Masinde kwa uangalifu na kumlaza mbele ya Sina Haraka, shuka likamfunika tena.

"Sina Haraka, kuna nini?" redio ilisema.

"Nina msiba, Kamanda," Nyabise alijibu. "Namrudisha Masinde kwa shangazi yake. Na aliyemleta naomba aachwe arudi."

Kila mtu kwenye mstari alijua kwamba boti ya adui ilikuwa pale, imesimama, haina ulinzi, na kwamba mtu angeulizwa kwa nini iliachwa.

"Boti nyeusi irudi salama," Kamanda alisema. "Nitajibu mimi."

Sina Haraka iligeuka kuelekea kwenye mstari. Sasa yenyewe ndiyo iliyokuwa boti ya msiba, na mbele yake zilikuwa boti ambazo wanagenzi wao walikuwa wamefunzwa kutojali. Mashine zilinguruma. Nyabise alijiandaa kupita katikati ya kelele hizo, na aliapa moyoni kwamba hatamlaumu mtu.

Boti ya mikate ndiyo iliyoanza. Mwenyewe aliinama, akazungusha ufunguo kwa mkono wake, na mashine ikanyamaza. Redioni mwanagenzi wake alisikika akiuliza kama kuna hitilafu, na sauti ya mwenye boti ikamjibu, "Hapana. Tazama tu." Kesho Ipo ikafuata. Wachawi Poleni. Mume wa Mtu Sumu. Kimya kilitembea kwenye mstari, boti kwa boti, na katika kila boti mtu alikuwa amesimama, na chini ya kila kiti cha usukani mwanagenzi alikuwa akiutazama mkono. Mwisho kabisa ilizima manowari ya chuma, ambayo mashine yake kubwa huchukua muda kufa, mpaka kikasikika kitu kimoja tu, manyunyu juu ya maji.

Nyabise alikuwa amewavusha mabibi harusi wengi, na kila mmoja alimpa sababu ya kujigamba. Siku hiyo hakujigamba. Alisimama wima usukanini, machozi yanamtiririka na hakuyafuta, akijua kwamba hajawahi kuwa na fahari kama ile na hatakuwa nayo tena.

Shangazi aliinuka kwenye kreti lake boti ilipogusa gati. Watu walimpisha. Alipanda mwenyewe, mnene vile, akakataa mkono wa Lukelo, akapiga magoti na kulifunua shuka. Aliigusa ile taya iliyofungwa. Aliyaangalia macho yaliyofumbwa na kucha zilizosafishwa tope, kimoja baada ya kingine, kama mama anayemkagua mtoto aliyerudi kutoka kwa jirani.

"Nani kamwosha mwanangu hivi?" aliuliza.

Nyabise angeweza kusema ni jeshi, na gati nzima ingeitikia. "Adui, Shangazi. Mwanamke wa ng'ambo. Kamleta mwenyewe."

Shangazi aliuweka mkono wake juu ya paji la uso la Masinde. Askari walingoja laana, na angekuwa na haki nayo.

"Basi huyo naye alilelewa," alisema, na ndipo akaanza kulia.